Historia ya Chumba Kitupu

Ndani ya kompyuta ya mezani kuna kitu ambacho hakiandikwi kwenye risiti: nafasi tupu. Fungua skrubu mbili za nyuma, vuta ubavu wa kasha, na chini ya vumbi utaiona. Kuna fremu ya bati yenye matundu ambayo hayajawahi kuguswa na bisibisi. Kuna waya wa umeme usio na kazi, umefungwa kwa kamba ya plastiki usije ukagonga feni. Na pale kwenye ubao mama, ambao mafundi wetu huuita mazabodi, soketi moja au mbili zimekaa wazi tangu zilipotoka kiwandani.

Ya kwangu ilifunguliwa Kariakoo, juu ya meza iliyojaa vipande vya simu. Diski yake ilikuwa imejaa hadi ikawa inagoma hata kupokea picha za harusi ya mpwa wangu. Fundi, kijana wa umri wa mwanangu wa mwisho, aliniamkia, akapuliza vumbi, akamulika ndani kwa tochi ya simu. "Mzee, una bahati," akasema. "Wamekuachia chumba."

Nilirudi nyumbani nikiwaza hao "wao" ni akina nani.

Historia ya hifadhi ya kompyuta husimuliwa mara nyingi kama historia ya diski kukua: jana megabaiti, leo terabaiti. Diski zilikua, hakuna ubishi. Ila kila zilipokua zilikuta nyumba imeshajengwa na mtu aliyekadiria familia ndogo. Aliyeunda kasha alikadiria, aliyepima umeme alikadiria, na aliyepanga namba za kuhesabia vipande vya diski naye alikadiria. Karibu wote walikadiria kidogo. Mtu yeyote aliyewahi kuongeza diski amepambana na makadirio ya hao zaidi ya alivyopambana na diski yenyewe.

Mwanzoni diski haikuwa na haja ya chumba ndani ya kompyuta, maana yenyewe ilikuwa na ukubwa wa kabati la nguo. Mwaka 1952 IBM ilimtuma Reynold Johnson kwenda San Jose, California, kuanzisha maabara ndogo. Johnson alikuwa amewahi kuwa mwalimu wa sekondari huko Michigan, na alijulikana kwa kubuni mashine ya kusahihisha mitihani kwa umeme. Ni mwalimu aliyechoka kusahihisha, kwa lugha yetu ya kawaida. Mwaka 1956 kundi lake lilitoa IBM 350, diski ya mfumo ulioitwa RAMAC. Sahani 50 za alumini, kila moja na upana wa inchi 24, zilizunguka mara 1,200 kwa dakika. Mkono mmoja ulipanda na kushuka ukitafuta sahani inayotakiwa, kisha ukajipenyeza katikati kama mtu anayetafuta faili kwenye rafu. Uzito ulikuwa karibu tani moja. Uwezo wake ni herufi milioni 5, ambazo kwa hesabu za leo hazifiki hata megabaiti 4. Wimbo mmoja wa taarabu, kwa urefu ule unaopendwa na wapenzi wake, usingeenea humo.

Mfumo huo ulikodishwa kwa dola 3,200 kwa mwezi. Aliyetaka nafasi zaidi aliongeza kabati, na aliyeongeza kabati alihitaji sakafu imara.

Mwaka 1962 IBM ikaleta njia nyingine, mashine iitwayo 1311, ambayo sahani zake sita zilitoka zote kwa pamoja na kuwekwa kando kama sufuria yenye mfuniko. Ukijaza pakiti moja unaitoa na kuweka nyingine. Nafasi ikawa haina mwisho ilimradi una rafu. Lakini kila pakiti ilipotoka na kuingia ilibeba vumbi, na vumbi ndiyo sumu ya diski, kwa sababu kichwa cha kusomea huelea juu ya sahani kwa umbali mdogo kuliko unene wa unywele. Jibu lilikuja mwaka 1973: IBM 3340, ambayo vichwa na sahani vilifungiwa pamoja ndani ya kasha moja lisiloingiza vumbi. Mpango wa awali ulikuwa wa sehemu mbili za megabaiti 30 kila moja, na mhandisi wake, Ken Haughton, akaona namba 30-30 inamkumbusha bunduki maarufu ya Winchester. Jina likabaki. Diski ngumu iliyomo kwenye kompyuta ya mjomba wako ni mjukuu wa bunduki hiyo.

Sisi huku tulikuwa wapi? Wizara ya Fedha ya Tanzania iliweka kompyuta yake ya kwanza, ICT 1500, mwaka 1965. Mfumo wa hesabu ulipohamishiwa huko mambo yakaenda mrama, na mwaka 1974, Winchester ikiwa haijatimiza hata miaka miwili, serikali ikapiga marufuku kuingiza kompyuta nchini. Wapo wanaoicheka hatua hiyo. Mimi siicheki sana, kwa sababu nchi ilikuwa imechomwa mfukoni. Ila ni kweli kwamba miaka ile ambayo wenzetu walijifunza kufungua makasha na kuongeza vitu, wengi wetu tulikuwa hatujaliona hata kasha lenyewe.

Mtu aliyeiingiza diski ndani ya kasha la mezani ni Alan Shugart. Aliwahi kufanya kazi IBM San Jose, akaondoka, akaanzisha kampuni ya flopi, akatoka huko pia, akanunua mashua ya kuvulia samaki na kuwa mbia wa baa. Mwaka 1979 akarudi ulingoni na wenzake, akiwemo Finis Conner, wakaanzisha kampuni ambayo muda si mrefu ilipewa jina la Seagate. (Huyu ndiye aliyetaka mbwa wake, Ernest, agombee ubunge wa Marekani mwaka 1996. Hakufanikiwa.) Mwaka 1980 walitoa ST-506, diski ya megabaiti 5 kwa dola 1,500.

Megabaiti 5 hazikuwa ajabu wakati huo. Ajabu ilikuwa umbo. ST-506 ilikuwa na upana na kimo kile kile cha kiendesha flopi cha inchi 5¼, kwa hiyo popote flopi ilipokaa, nayo ilikaa. Shugart hakuomba mtu yeyote amjengee chumba. Aliazima cha mpangaji mwingine.

Mwaka uliofuata, Agosti 1981, IBM ikatoa kompyuta yake binafsi, na kwenye kasha lake kulikuwa na vyumba viwili vya aina hiyo. Diski ngumu haikuwemo. Waliotaka kuiongeza walikuta kwamba chumba kipo lakini chakula hakitoshi: pawa saplai ilitoa wati 63.5, na diski za wakati ule zilikuwa na njaa, hasa pale zinapoanza kuzunguka. Ndiyo maana kompyuta iliyofuata, XT ya Machi 1983, haikuja na diski ya megabaiti 10 peke yake. Ilikuja na pawa saplai ya wati 130 na sloti nane za kadi badala ya tano. DOS 2.0, mfumo endeshi wake, nayo ilikuja na folda ndani ya folda, kwa sababu mafaili ya megabaiti 10 huwezi kuyamwaga yote chumba kimoja. Hapo ndipo nafasi ya kuongeza diski ilipoanza kupangwa tangu kwenye mchoro.

Walioachwa nyuma na kompyuta za 1981 walipata mkombozi mwaka 1985. Kampuni ya Plus Development iliuza Hardcard, diski nzima ya megabaiti 10 iliyobanwa juu ya kadi moja. Unaichomeka kwenye sloti kama kadi yoyote, basi. Kwa maoni yangu hiki ni kimojawapo cha vifaa vyenye akili zaidi katika historia yote hii, kwa sababu mbunifu wake aliangalia kasha lililojaa akaona chumba ambacho wengine hawakukiona.

Wengine wote walitoa jasho. Diski za miaka ile zilikuja na karatasi iliyobandikwa juu, imeorodhesha sehemu mbovu za sahani, na mwenye diski alitakiwa kuziandika mwenyewe kwa mkono wakati wa kufomati. Kuanzisha kazi hiyo, kwa kadi nyingi, uliingia kwenye programu ya DEBUG na kuandika g=c800:5, maneno ambayo mafundi wa zamani wanayakumbuka kama namba ya simu ya nyumbani. Kompyuta ya AT ya IBM ya mwaka 1984 ilileta orodha ya aina za diski inazozijua, iliyoandikwa ndani ya BIOS, programu inayoiamsha kompyuta. Diski yako isipokuwemo kwenye orodha, unachagua inayofanana nayo na kukubali kupoteza kilichozidi. Ni kama kumvalisha mtoto sare ya kaka yake.

Kisha ikaja IDE. Mwaka 1986 Western Digital na Compaq, pamoja na watengenezaji wa diski, walihamisha akili ya kuendesha diski kutoka kwenye kadi na kuiweka juu ya diski yenyewe. Ikabaki kebo moja bapa ya pini 40, na kebo moja ilibeba diski mbili. Ili zisigombane, moja iliitwa "bwana" na nyingine "mtumwa", na ulizitofautisha kwa jampa, kipande cha plastiki kisichozidi punje ya mchele. Mafundi wetu walisema "masta na slevu" bila kutafuna maneno. Mimi sikuwahi kuyazoea. Unguja, soko la watumwa lilifungwa mwaka 1873, na pale lilipokuwa pakajengwa kanisa. Miaka mia na ushee baadaye tulikuwa tunainama na tochi kutafuta nani bwana na nani mtumwa ndani ya boksi la bati.

Hapo kwenye IDE ndipo makadirio yalipotuumbua. Mwaka 1996, ofisi niliyokuwa nikifanyia kazi Dar es Salaam ilinunua diski ya megabaiti 850. Tukaifunga, tukaweka jampa sawasawa, tukawasha. Kioo kikasema: 504. Tukazima, tukawasha. 504. Mkuu wetu akaamini tumepigwa, akatutuma kwa muuzaji. Muuzaji, mzee mmoja mpole, akatuchomekea diski ile kwenye kompyuta yake mpya, nayo ikaonyesha megabaiti zote. Tulirudi kimya.

Kilichotukuta kinaelezeka kwa kalamu na karatasi. Ili kufika mahali fulani kwenye diski, kompyuta ilitaja namba tatu: ya njia, ya kichwa, na ya kipande. BIOS iliruhusu njia 1,024, vichwa zaidi ya 200 na vipande 63. Viwango vya IDE viliruhusu njia zaidi ya 65,000, vichwa 16 na vipande 255. Kila mmoja peke yake alikuwa mkarimu. Lakini wakikutana ilibidi wakubaliane, na katika kila namba walikubaliana kwenye ile ndogo: njia 1,024, vichwa 16, vipande 63. Zidisha, kisha zidisha kwa baiti 512 za kila kipande, unapata baiti 528,482,304, ambazo kompyuta iliziandika kama megabaiti 504. Wakarimu wawili, na mgeni akalala njaa.

Dawa ya muda ilikuwa programu ndogo iliyojificha mwanzoni mwa diski na kuidanganya BIOS. Ilifanya kazi vizuri hadi siku mwenzetu alipowasha kompyuta kwa flopi. Programu ile haikuamka, diski ikaonekana imevurugika, naye kwa nia njema akaifomati. Mahesabu ya miezi minne yakaenda. Hatukuwa na nakala.

Ukuta huo wa megabaiti 504 ulipovunjwa, mwingine ulisubiri mbele. Windows 95 ya kwanza ilitambua patisheni, yaani vigawanyo vya diski, zisizozidi gigabaiti 2, hadi mpangilio mpya wa mafaili, FAT32, ulipokuja mwaka 1996. BIOS nyingi zilikwama kwenye gigabaiti 8.4. Kisha gigabaiti 137, kwa sababu IDE ilihesabu vipande kwa biti 28, na Windows XP yenyewe ilihitaji nyongeza ya mwaka 2002 ili kuuvuka. Mwaka 2010 diski za terabaiti 3 zilipoanza kuuzwa, zikagonga mpaka wa terabaiti 2.2 uliowekwa na jedwali la patisheni la miaka ya 1980. Western Digital iliuza diski yake ya terabaiti 3 ikiwa na kadi ya ziada ndani ya boksi, ili kompyuta za zamani ziweze kuitumia. Nani miaka ya 1980 angewaza terabaiti? Hakuna. Ila walioweka kuta hizi walikuwa watu werevu kuliko wengi wetu, na bado kila mmoja wao aliamini kwamba safari hii inatosha.

Diski zenyewe zilikuwa zinakua mbio kwa sababu za kifizikia. Mwaka 1988 Albert Fert huko Ufaransa na Peter Grünberg huko Ujerumani, kila mmoja kwa njia yake, waligundua kwamba tabaka nyembamba sana za metali zilizopangwa juu kwa juu hubadilisha ukinzani wao wa umeme kwa kiasi kikubwa zikiguswa na sumaku hafifu. Kufikia mwaka 1997 IBM ilikuwa imeshatengeneza kichwa cha kusomea kwa kanuni hiyo na kukiweka kwenye diski ya gigabaiti 16.8. Wawili hao walipata Tuzo ya Nobel mwaka 2007, mwaka ule ule diski ya kwanza ya terabaiti 1 ilipofika madukani.

Kebo bapa ilistaafu. SATA ilikuja mwaka 2003 na kebo nyembamba ya pini saba, diski moja kwa kila kebo, bila bwana wala mtumwa. Nilishukuru kwa sababu zaidi ya moja.

Mwaka 2011 dunia ilikumbushwa diski zinatoka wapi. Mafuriko yalifunika viwanda vya Ayutthaya na maeneo ya jirani huko Thailand, kikiwemo kiwanda cha Western Digital cha Bang Pa-in. Wapiga mbizi waliingia kwenye maji kuokoa mashine. Kwa miezi kadhaa bei zilipaa duniani kote, nyingine zikakaribia mara mbili. Aliyehitaji diski Dar es Salaam alilipia mvua ya Thailand.

Wakati huo mrithi alikuwa ameshakaa mlangoni. Fujio Masuoka wa Toshiba alibuni kumbukumbu za flashi miaka ya 1980, na ile ya aina ya NAND, ambayo ndiyo iliyomo kwenye hifadhi za SSD za leo, aliitangaza mwaka 1987. Hakuna sahani, hakuna mkono wala kichwa. Ila kwa miaka mingi SSD ilivaa kasha la diski ya inchi 2½ na kuchomekwa kwenye SATA, ikiazima chumba cha mpangaji mwingine kama ST-506 ilivyofanya. Na chumba hicho kilikuwa na mlango mwembamba: SATA ya kasi kuliko zote haipitishi zaidi ya megabaiti 550 hivi kwa sekunde. Ilibidi itungwe lugha mpya, NVMe, mwaka 2011, na baadaye soketi mpya, M.2, ambayo kijiti chake kina upana wa milimita 22 na urefu, kwa kawaida, wa milimita 80. Kinashikiliwa na skrubu moja ndogo ambayo ikianguka kwenye zulia usihangaike kuitafuta.

Kijiti kimoja cha terabaiti 1 kina uwezo wa zaidi ya makabati 266,000 ya IBM 350. Lakini ujanja wa zamani haujaisha. Soketi mbili za M.2 zinaweza kufanana kabisa kwa macho, moja ikapokea NVMe na nyingine ikataka SATA tu. Kwenye mazabodi nyingi ukijaza soketi ya pili ya M.2, soketi mbili za SATA zinazimika kimyakimya, maana zote zinakunywa kutoka bomba moja. Imeandikwa kwenye kitabu cha maelekezo, kile ambacho mtumba hauji nacho.

Yule kijana wa Kariakoo alilijua hilo. Kabla ya kuniuzia chochote aliandika namba ya mazabodi kwenye simu yake, akasoma, akatikisa kichwa, akasema ile soketi ya chini niiache. Akaweka kijiti kwenye ya juu kwa pembe kidogo, akakilaza, akakaza skrubu. Akahamisha kila kitu kutoka diski ya zamani, na hiyo ya zamani akairudisha kwenye fremu yake. "Hii usiitupe mzee. Weka nakala humo." Nilimkumbuka mwenzetu wa 1996, nikamlipa bila kubishana bei.

Kinachonitia wasiwasi ni makasha mapya. Mac mini ya mwaka 2020 ina chipu za hifadhi zilizolehemiwa ubaoni, na vikompyuta vingi vidogo vinavyokuja sasa vina soketi moja tu, tayari imejaa. Wabunifu wa 1983 walikadiria kidogo, lakini walijua wamekadiria, wakaacha fremu tupu na waya wa akiba. Anayelehemu hifadhi ubaoni anakadiria kwa niaba yako na kukufungia mlango, kisha gigabaiti za ziada anakuuzia mwenyewe siku ile ile kwa bei anayoitaka.

Kwa hiyo ukienda kununua kompyuta ya mezani, mpya au ya mtumba, usiishie kuuliza ina gigabaiti ngapi. Mwombe muuzaji afungue ubavu mbele yako. Hesabu fremu, hesabu soketi, tazama kama kuna waya wa umeme usio na kazi. Akikataa kufungua, nenda duka la pili.